Shamba Nililokaribia Kulikausha kwa Kalamu

Kamembe, Rusizi
Jumapili, baada ya mvua

Mdogo wangu Tatu,

Pokea salamu kutoka huku mlimani, ambako mawingu hushuka mpaka kwenye mabati na mtu huamka bila kujua kama ziwa bado lipo. Mimi ni mzima. Malaria iliniacha wiki nyingi zilizopita, kikohozi nimekizoea, na kilichoumia hasa ni kiburi, kile ambacho wewe husema hakiwezi kuumia hata kikikanyagwa na lori. Kimekanyagwa, na nitakueleza na nani. Lakini kwanza habari zenu. Goti la Mama linakubali kukunjwa wakati wa sala, au bado anasalia kwenye kiti? Shemeji mgongo umemtulia? Na wewe mwenyewe, zamu za wodini na masomo ya shahada kwa pamoja, usingizi unaupata wapi? Usinijibu "tunamshukuru Mungu" kisha ukanyamaza. Niandikie kweli.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenirudishia jambo tulilokwisha kulizungumza kwenye simu, na nadhani umelirudisha kwa sababu jibu langu halikukutosha. Msimamizi wako alikurudishia sura ya pili akiwa ameandika pembeni swali moja tu: haya ni mapitio ya aina gani? Uliponisomea swali hilo nilicheka. Nikakuambia mapitio ya kazi tangulizi ni mapitio tu. Soma vitabu, eleza vinavyosema, pinga vinavyostahili kupingwa, basi. Nikaongeza kwamba wasomi wa siku hizi hubandika majina juu ya kila kitu kama wauza dawa. Maneno hayo nayafuta yote. Msimamizi wako alikuwa na haki, na mimi nilikuwa mjinga mwenye sauti kubwa. Nimejifunza hivyo kwa kisa cha shamba la mpunga la mtu mmoja wa Bugarama, ambalo nilikaribia kulikausha kwa kalamu.

Bugarama nimekuandikia mara nyingi. Ukishuka kutoka hapa Kamembe, baridi yote unaiacha nyuma, na unapofika bondeni joto linakupokea usoni kama mtu aliyefungua chungu. Ni mpunga mpaka macho yachoke, na mbele yake bomba la kiwanda cha saruji. Kuna maji kila mahali, na penye maji hayo kuna mbu. Wewe muuguzi huhitaji nikufundishe yanayofuata.

Msimu uliopita wataalamu walikuja na ushauri: mashamba yasikae na maji moja kwa moja. Yawekwe maji siku kadhaa, kisha yaachwe mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, kisha maji yarudishwe. Kukausha kwa zamu, ndivyo wanavyouita. Mbu hawapati muda wa kukua, na maji yanatumika machache. Viongozi wa koperative ya wakulima walisikiliza kwa adabu, kisha wakafanya jambo la busara ambalo serikali nyingi hazifanyi. Walisema kabla ya kukubali wanataka mtu awasomee dunia imeandika nini juu ya jambo hili, awaletee kwa lugha wanayoielewa. Wakaja chuoni kwetu. Nami nikainua mkono kabla hawajamaliza kueleza.

Unanijua. Nilikuwa nimekwisha kuandika makala gazetini kuwashambulia wote wanaokubali watoto wa bonde lile wachemke kwa homa kila msimu kana kwamba ni kodi ya kula wali. Msimamo ulikuwa tayari. Nilichohitaji ni vitabu vya kuusindikiza. Nikasoma, nikaandika kurasa kumi na mbili kwa muda mfupi, na nakuambia zilikuwa kurasa tamu. Kila aliyetilia shaka ukaushaji nilimpa kipigo chake, na waliounga mkono niliwapanga mbele kama askari wa gwaride. Nikazipeleka maktabani ili zirekebishwe marejeo tu, si kitu kingine.

Mkutubi wetu ni Maman Furaha. Sijakuandikia habari zake, na hilo ni kosa, kwa sababu kama kuna mtu mji huu unapaswa kumwinukia anapopita, ni yeye. Alizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mto, katika familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani. Amerudi na Kiswahili chake cha huko, Kifaransa chake, na shamba dogo la maharage kule Nkungu analolilima kila Jumamosi. Ni mfupi, huvaa miwani iliyofungwa kamba, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Nilidhani kazi yake ni kupanga vitabu. Nimekaa naye jengo moja miaka tisa nikidhani hivyo.

Alizisoma kurasa zangu akiwa amesimama. Alipofika mwisho aliniuliza nilitafuta wapi maandiko hayo, nilitumia maneno gani kutafuta, na yale niliyoyaacha niliyaacha kwa sababu gani. Nikamwambia mimi ninasoma tangu kabla ya kompyuta kufika Kamembe. Akatikisa kichwa, bila kubisha hilo.

"Mwalimu, sikatae kama ulisoma. Minaona ulisoma mingi. Lakini hii ni plaidoyer. Haiko mapitio."

Plaidoyer ni ile hotuba ya wakili anapomtetea mteja wake mbele ya hakimu. Tatu, nimetukanwa na wahariri, mapadri, masheikh na wakuu wa vyuo, na hakuna tusi lililoniingia kama lile, kwa kuwa halikuwa tusi. Ilikuwa ni jina la kitu nilichokuwa nimekiandika. Wakili hana kosa kumtetea mteja. Kosa ni kuja na joho la uwakili na kukaa kwenye kiti cha hakimu.

Nikakasirika, bila shaka. Nikamuuliza, kama hayo si mapitio, mapitio ni nini basi. Akavuta kiti, akanikaribisha niketi, na kwa saa nzima nilisomeshwa na mtu niliyemdhania mpanga vitabu.

"Kwanza uniambie unauliza nini," alisema. "Swali njo inachagua aina. Haiko weye."

Yaani swali ndilo linalochagua, si mwandishi. Shika hilo, mdogo wangu. Mengine yote yametoka humo. Mimi nilikuwa nimechagua aina kwa kufuata hasira yangu. Yeye akanionyesha kwamba kuna maswali yanayotaka hadithi: wazo fulani lilianzia wapi, lilipita mikononi mwa nani, likabadilikaje. Hapo unaandika mapitio simulizi, una uhuru wa kuchagua na kupanga, na msomaji anajua kwamba anasafiri na wewe kwa njia uliyoichagua. Ni kazi nzuri, wala usimsikilize anayeidharau. Inaharibika tu pale mwandishi anapoigeuza kuwa orodha, fulani alisema hivi, na fulani akasema vile, na fulani naye akasema, kama mtu anayesoma majina ya waalikwa wa harusi bila kutuambia nani ameolewa.

Yapo maswali ambayo hata ukubwa wake huujui. Hujui kama walioandika ni wengi au wachache, wa nchi gani, wametumia njia gani, wameacha wapi pengo. Hapo hutafuti jibu, unatafuta mipaka ya shamba. Ndiyo mapitio ya upeo. Na yako maswali membamba, ya ndiyo au hapana au kwa kiasi gani, ambayo mtu atayafanyia uamuzi wa kuumiza au kuponya. Hayo yanadai mapitio ya kimfumo. Kabla ya kusoma unaandika kanuni zako: utatafuta wapi, kwa maneno yapi, utapokea nini na utakataa nini. Kisha unakula kiapo cha kutozibadilisha eti kwa kuwa umekutana na utafiti usiokupendeza. Ukipata tafiti zilizopima kitu kilekile kwa namna inayofanana, unaweza kuunganisha takwimu zake zikawa kama utafiti mmoja mkubwa. Zisipofanana, uache. Nilimuuliza kwa nini nisiunganishe, yeye akasema kwamba huko mmoja amehesabu viluwiluwi, mwingine mbu wazima, wa tatu wagonjwa. Nikaelewa: huwezi kujumlisha mbuzi, maziwa na harufu ya zizi.

Na kama wenzako wamekwisha kufanya mapitio mengi juu ya jambo lilelile, unaweza kuyapitia hayo mapitio yenyewe, ukakaa juu yake kama mwavuli. Nilicheka niliposikia hilo, nikasema siku moja watapitia miavuli. Naye akacheka. Ndipo akaniambia kwamba hata mimi nina nafasi yangu: yako mapitio ya uhakiki, ambayo kazi yake ni kupima hoja na misingi ya wengine na kuonyesha palipooza. Meno yako, akasema, yatapata kazi kule, ila lazima ung'ate pande zote.

Nilitoka pale nikiwa nimenuna na nimevutiwa kwa pamoja, hali ambayo sikuwa nimeionja tangu nikiwa mwanafunzi.

Sasa wakati. Wakulima walitakiwa kuamua kabla ya kumwaga mbegu kwenye vitalu, na mapitio ya kimfumo yaliyokamilika huweza kula mwaka na zaidi. Maman Furaha akashauri tufanye mapitio ya haraka: kanuni zilezile, lakini kwa vyanzo vichache zaidi, na ukurasa wa kwanza ukiri waziwazi tumefupisha wapi. Nilipenda ukurasa ule wa kukiri. Katika maandishi yangu yote sijawahi kuwa nao. Na kanuni moja alikataa kuipunguza. Kila andiko lisomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kila mmoja aandike apokee au akatae na kwa nini, kisha karatasi zilinganishwe. Panapotofautiana, mtu wa tatu anaamua. Mimi nikawa wa kwanza, yeye wa tatu. Wa pili aliletwa na koperative: Papa Asumani.

Huyu ni mtu wa makamo kama mimi, Mwislamu wa Bugarama, ana cheti cha kilimo na anasoma Kifaransa na Kiingereza vizuri kuliko anavyokubali kusema. Ni mwangalizi wa mimea wa koperative, na yeye mwenyewe ana kipande chake cha mpunga. Kipande hicho kiko mwisho kabisa wa mfereji. Tafadhali likumbuke hilo, kwa sababu mimi sikulikumbuka. Watu wanane katika nyumba yake wanakula kutoka hapo. Wanawe wawili nimewafundisha hapa chuoni, na kwa ajili hiyo kila tulipokutana alikuwa akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tulifanya kazi kwa wiki kadhaa. Tulipewa karatasi na penseli, kwani Maman Furaha haruhusu wino karibu na vitabu vyake hata aje nani. Papa Asumani alichukua fungu lake akaenda kulisoma kwake, na kila Jumanne alipanda kuja Kamembe na fungu lililokwisha. Jumanne ya kwanza nilimwona ametulia mno juu ya karatasi yake, nikadhani amekwama. Kwa ukarimu wangu nikamsogezea yangu. Nikamwambia atazame, kama kuna pahali pagumu ajisaidie. Akashukuru, akainamisha kichwa. Nikatoka nje kunywa chai nikijiona mtu mwema sana, na kila Jumanne iliyofuata nikafanya vivyo hivyo.

Siku ya kulinganisha, Maman Furaha alitandaza karatasi zote juu ya meza ndefu. Alipita moja moja kwa kidole. Nilipokubali mimi, Papa Asumani alikubali. Nilipokataa, alikataa. Mwanzo hadi mwisho hapakuwa na tofauti hata moja, na mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kufurahi. Niliona ni ushahidi kwamba akili mbili zilizo sawa hufika mahali pamoja. Maman Furaha alivua miwani.

"Batu babili banasoma bintu yote hii," alisema, "na hakuna hata fasi moja banabishana? Hapo alisoma umoja tu."

Alimaanisha kwamba aliyesoma ni mtu mmoja tu. Nilimgeukia Papa Asumani nikingoja ajitetee. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilisoma yote, Maman," akasema taratibu. "Nilifuta."

Maman Furaha alichukua karatasi moja akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Akaniita. Tatu, yote yalikuwa pale. Penseli iliyofutwa huacha mfereji wake kwenye karatasi, na chini ya maneno yangu aliyoyanakili kulikuwa na maneno yake mwenyewe, kwa mwandiko mdogo, safi, wa mtu aliyefikiri. Pale nilipoandika ikataliwe, yeye alikuwa ameandika ipokewe, na sababu. Karatasi baada ya karatasi. Na nyingi ya zile alizotaka zipokewe zilikuwa za aina moja: tafiti juu ya maji yanavyogawanywa kati ya walio juu ya mfereji na walio chini. Mimi nilizitupa zote kwa maneno matatu, "hazihusu mbu kabisa."

Nikamuuliza kwa nini alifuta. Alipojibu hakuniangalia mimi, alimwangalia Maman Furaha, kana kwamba kunijibu mimi kungekuwa kukosa adabu mara ya pili.

"Ni mwalimu wa batoto yangu. Nitamubishia, tena kwa maandishi?"

Hapo ndipo alipoeleza habari za shamba lake, na alieleza kwa sababu Maman Furaha alimuuliza, si mimi. Maji yakifungwa kwa siku kadhaa halafu yakafunguliwa, wa juu wa mfereji huyapata kwanza, nao huwa na kiu. Kila mmoja hujaza lake mpaka tuta la mwisho. Maji yanapofika kwake, siku za zamu zimekaribia kuisha na milango ya mfereji inafungwa tena. Udongo uliotakiwa kupasuka kidogo utapasuka mpaka mguu uingie. Kwa wenzake ni kukausha kwa zamu. Kwake ni kukausha tu. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekaa wiki zote akisoma kwa penseli jambo litakalomnyima chakula, na kwa heshima akalifuta, ili mwalimu wa wanawe asione aibu.

Na mimi, unajua nilifanya nini kwanza? Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba ukimya ni aina ya uongo, nikaendelea, sentensi zikija zenyewe kama kawaida yangu, kuhusu elimu isiyo na ujasiri na taifa lisilobishana. Alinisikiliza kwa adabu yote. Nilipotua kuvuta pumzi, Maman Furaha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi:

"Mwalimu, iko myaka ngapi sasa muntu hajakubishia?"

Nilianza kuhesabu kichwani, kwa kweli nilihesabu. Miaka yote hii nimejiona mpiganaji, nikirudi nyumbani nimeshinda kila mabishano ya chumba cha walimu. Kumbe wenzangu walikuwa wakifuta. Nilikuwa napigana na watu waliokwisha kuweka silaha chini mlangoni, pamoja na viatu.

Tulianza upya. Safari hii karatasi zilitiwa kwenye bahasha na kufungwa, naye Maman Furaha akazikusanya kama kura. Papa Asumani alipanda na bahasha ya kwanza akaitoa, na tulipoifungua, tulitofautiana kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili na wa nne. Mkutubi alituketisha, akatusikiliza kila mmoja, akaamua. Mara nyingi aliamua dhidi yangu. Mara chache aliamua dhidi yake, na hapo nilijikuta namwonea huruma mtu ambaye siku chache nyuma nilikuwa namhubiria ujasiri.

Tulichopata kwa ufupi ni hiki. Kukausha kwa zamu kunaonekana kuwapunguza mbu pale ambapo wakulima wote wa eneo wanakwenda kwa ratiba moja na maji yanatawaliwa vizuri. Hilo nililisema tangu mwanzo na bado nalisema. Lakini tafiti nyingi tulizozipata zilifanyiwa kwenye mashamba ambayo mtafiti mwenyewe anafungua na kufunga maji. Juu ya mtu wa mwisho wa mfereji, maandiko ni machache na yamesema kidogo. Zamani ningeliita hilo pengo na kulirukia. Maman Furaha akasisitiza liandikwe kama tokeo, lenye aya yake, kwa kuwa kutojua nako ni habari.

Basi, kabla sijafika kwenye mkutano, nikujibu wewe. Swali lako, kama nilivyolielewa, ni kwa nini akina mama wa kata yenu wanachelewa kuja kliniki. Ukitaka kujua yaliyoandikwa yameenea wapi, fanya ya upeo, na umwambie msimamizi hivyo kwa jina lake. Ukitaka kupima kama njia moja fulani ya kuwahimiza inafanya kazi, hapo ni ya kimfumo, na usiianze peke yako. Andika kanuni zako kabla ya kusoma. Tunza orodha ya ulivyovikataa na sababu, maana humo ndimo watu watakapoona kama ulikuwa mkweli. Na umtafute msomaji wa pili ambaye hakuogopi. Usimchukue shemeji, anakupenda mno. Tena usimwonyeshe karatasi yako.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa koperative, kule kule bondeni, mchana, watu wamejaa mpaka madirishani. Nilisoma mapitio yetu. Walisikiliza vizuri, lakini mwenyekiti alipata wasiwasi kwamba muda unakwisha, akaniomba niseme kwa neno moja: tukaushe au tusikaushe? Na hapo, Tatu, mbele ya watu wote wale waliotega masikio, ulimi wangu wa zamani ulirudi. Nikasema tukaushe. Ukumbi ukapiga makofi.

Papa Asumani alisimama.

Mwanamke mmoja nyuma yake, mkulima wa mpunga mwenye mdomo wake, akamuuliza kama leo ameamka na ulimi mpya, na watu wakacheka. Mwingine wa mashamba ya juu akapaza sauti kwamba bale ba mwisho wa mfereji banalia kila saison, yaani kila msimu. Wakacheka tena. Alingoja vicheko viishe. Sikuwahi kumwona akingoja namna ile, miguu imara, kofia mkononi.

"Mwalimu alisema kweli, lakini hakumaliza," alisema. "Ule muntu aliandika, maji ilikuwa inamutii. Kwangu mwisho kule, maji haimutii muntu."

Kisha akafungua ukurasa wenye aya ile ya kutojua na kuusoma wote, kwa Kiswahili chao, akieleza kila sentensi kwa majina ya milango ya maji wanayoijua. Wale waliokuwa wakicheka walinyamaza mmoja mmoja, kwani wengine nao ni wa mwisho wa mifereji mingine. Yule wa mashamba ya juu alijaribu kubisha, akajibiwa. Akabisha tena, akajibiwa tena, bila hasira, kwa hoja na kwa ukurasa. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele na aibu yangu, na nakuapia kwamba aibu hiyo ilikuwa ndogo kuliko furaha. Nimesikia wasemaji wengi maarufu. Sijamsikia aliyesema vizuri kama mtu yule, aliyekuwa anatetea mpunga wake huku akimheshimu kila aliyempinga, mimi nikiwa wa kwanza.

Waliamua hivi: ukaushaji uanze msimu huu kwenye mashamba ya juu na ya kati, wote kwa ratiba moja. Ya mwisho yabaki na maji yao kama kawaida, na mtu wa milango awe anapima kina kule chini kila zamu na kukiandika ubaoni ambapo kila mtu atakiona. Baada ya mavuno watakaa tena. Mpunga wa Papa Asumani umekwisha hamishwa kutoka kitaluni. Alhamisi nilishuka kuuona. Umesimama katika maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu, kijani, mnyonge bado, lakini umesimama.

Baada ya mkutano alinifuata nje, akanishika mkono kwa mikono miwili kama zamani, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia nimeumia, na kwamba juu ya ukurasa wa saba wa mapitio yetu hatujaelewana bado, aje Jumapili. Amekuja leo. Ameondoka sasa hivi, mvua ilipokatika. Tumekula sambaza, dagaa wa ziwa letu, na ugali, tumebishana tangu saa nne, na ukurasa wa saba bado haujaisha.

Nisalimie Mama, umwambie dua zake zinafika hata huku kwenye mawingu. Msalimie shemeji yangu, mume wako mvumilivu. Mbusu Zawadi binti yako, nasikia anasoma sasa bila kufuatisha kidole. Mpe salamu mama mdogo wa Urambo akija. Na umtafute mjomba wetu Kasimu, kaka yake Mama, ambaye hatujasemezana tangu nilipomjibu mbele ya watu kwenye matanga ya Baba. Mwambie aniandikie yale yote aliyotaka kusema siku ile nikamkatiza. Ayaandike kwa wino, asifute hata neno, nami nitayasoma mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu.

Ni mimi kaka yako, mwenye mdomo uleule na masikio mapya,

Maulidi